Kabla hujasema ni uzee: tulivyomtafutia mama majibu Kigoma

Mama yangu hakuwahi kuwa na daftari la madeni. Kwa miaka yote aliyouza mawese, kuanzia enzi za kubeba dumu kichwani kutoka Mwandiga hadi alipopata kijana wa guta wa kumsaidia, hesabu zote alikuwa nazo kichwani. Fulani wa Gungu anadaiwa madumu matatu, kalipa moja na nusu. Mwalimu wa Katubuka atamalizia mshahara ukitoka. Mama lishe wa Kibirizi halipi pesa, analipa dagaa. Ungemwamsha usiku wa manane ukamuuliza, angekutajia yote bila kufumbua macho.

Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba mteja mmoja "hajaleta hata shilingi", wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi barazani mteja yule alipomhesabia noti mkononi, nilishtuka. Mtu mwingine akisahau deni, mnacheka yanaisha. Mama yangu kusahau deni ilikuwa habari nyingine. Baada ya hapo yakafuata mengine: sufuria ya maharage kuungua jikoni, hadithi ileile kusimuliwa mara mbili kabla chai haijaisha, kuingia chumbani na kusimama katikati akiangalia kuta.

Naandika haya kwa sababu tangu wakati huo nimeona familia nyingi za huku kwetu zikiishia pale ambapo sisi nusura tuishie, yaani kwenye sentensi moja: ni uzee tu. Mimi ni mwalimu, si daktari, na sitamwandikia mtu dawa. Ninachotaka kusema ni kwamba kusahau ni dalili, na dalili ina chanzo chake. Vyanzo vingine havina tiba. Vingine vinatibika kabisa, na vingine vinatibika kama vikiwahiwa tu. Hakuna anayeweza kujua mzazi wake yuko upande gani kwa kumtazama usoni.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama mdogo, anayeishi Ujiji, alisema dada yake amefanyiwa kitu na watu wa sokoni. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alisema kwenye simu kwamba mama kachoka, aache biashara. Kwenye zahanati tuliyoanzia tuliambiwa kwa upole kwamba kwa umri huo ni kawaida, tukapewa vidonge vya kuongeza damu. Mama alikuwa na miaka 66. Bibi yake alifika karibu tisini akiwa bado anasuluhisha kesi za mipaka ya mashamba kijijini kwa kutaja nani alipanda mchikichi upi na mwaka gani.

Ni kweli ubongo unazeeka. Mtu wa miaka sabini anachelewa kukumbuka jina, kisha jina linamjia jioni akiwa anafua. Hilo halina shida. Kusahau jina la mdaiwa mpaka jioni ni umri. Kusahau kwamba deni limelipwa, na kubisha hata mlipaji akiwa amesimama mbele yako na shahidi, hapo kuna jambo la kutafutwa.

Daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa unaojulikana zaidi wa kusahau umepewa jina lake, alieleza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1906. Mwanamke yule alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Hakuwa kikongwe. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na magonjwa ya kusahau, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Hapa nyumbani, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta kwamba kati ya watu wenye miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa na magonjwa hayo. Maana yake ni kwamba zaidi ya 93 katika kila 100 hawakuwa nao, na wote walikuwa wazee. Nilipoisoma takwimu hiyo nilipata nguvu ya kurudi hospitali.

Safari hii tulikwenda hospitali kubwa zaidi na tukampata daktari kijana ambaye namwombea heri mpaka leo. Alimwamkia mama, akamuuliza bei ya dumu la mawese msimu ule, akamwacha aeleze weee, huku yeye akisikiliza. Kisha akanigeukia. "Dada, dawa anazotumia ziko wapi?" Nikamtajia ya sukari na ya presha. "Sijauliza majina," akasema. "Nataka nizione. Zote, hata za dukani. Hata za miti."

Tukarudi kesho yake na mfuko wa plastiki. Akaumwaga mezani. Kulikuwa na boksi la metformini, ambayo mama amemeza tangu alipogunduliwa na kisukari. Kulikuwa na dawa za presha, karatasi mbili tofauti, moja imeisha muda. Kulikuwa na vidonge vya asidi ya tumbo. Kulikuwa na chupa ya maji iliyojaa dawa ya mizizi. Halafu zikatokea bahasha ndogondogo, zile zinazotolewa dukani, zimeandikwa kwa kalamu "1x1 usiku" bila jina la dawa. Daktari akatoa kidonge kimoja, akakigeuzageuza, akauliza hiki ni cha nini. Mama akasema, "Cha miguu. Miguu inawaka moto usiku, silali." Kwenye bahasha nyingine kulikuwa na vidonge vya mafua. Mama hakuwa na mafua. Alikuwa anavimeza kwa sababu vinampa usingizi.

Hapo ndipo kamba ilipoanza kufunguka, na nitaieleza polepole kwa sababu naamini kuna akina mama wengi wamefungwa na kamba hiyohiyo.

Metformini ni dawa nzuri. Imeokoa wengi, na mtu asiiache kwa sababu ya makala yangu. Lakini ikitumika kwa miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, inaweza kuzuia utumbo kunyonya vitamini B12. Vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo, navyo vikitumika muda mrefu, vinasukuma upande huohuo, kwa kuwa asidi inahitajika ili kuitoa vitamini hiyo kwenye chakula. Vitamini B12 ndiyo inayosaidia kutengeneza damu na kutunza utando unaozunguka mishipa ya fahamu. Ikipungua, miguu inaanza kuchoma na kufa ganzi, ulimi unakuwa laini na kuuma, mtu anayumba gizani, na kumbukumbu inapungua. Ini linaweka akiba yake ya miaka, kwa hiyo upungufu unakuja taratibu sana na hakuna anayeweza kusema ulianza lini.

Miguu ya mtu mwenye kisukari ikiwaka moto, kila mtu anasema ni sukari. Mara nyingi ni kweli. Kwa mama ikasemwa hivyo, akapewa amitriptilini kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Nayo ni dawa halali yenye kazi yake, lakini inazuia kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo ubongo unaitumia katika kuweka kumbukumbu. Kwa mtu mzima wa umri wa mama inaweza kuleta kusahau, kuchanganyikiwa, kinywa kukauka na choo kigumu. Vidonge vingi vya mafua, vile vya zamani vinavyoleta usingizi, vinafanya kazi hiyohiyo. Mama alikuwa analalamika kinywa kimekauka, na hilo pia tulilibebesha sukari.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ilichangia upungufu, upungufu ukaleta moto miguuni, moto ukaletewa dawa ya pili, dawa ya pili ikaongeza usahaulifu, na usiku mbaya ukaletewa dawa ya tatu. Kila kidonge kilitolewa na mtu mwenye nia njema, kwa sababu iliyoeleweka siku ile. Hakukuwa na mtu aliyezitazama zote juu ya meza moja.

Nilibisha kidogo. Nilimwambia daktari kwamba B12 si iko kwenye samaki na nyama? Mama amezaliwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Amekula dagaa na migebuka karibu kila siku ya maisha yake. Mtu huyo atakosaje vitamini ya samaki? Akanijibu kwamba kuna kula na kuna kunyonya. Chakula kinaweza kujaa sahani na mwili usikipate. Aliponiambia hivyo nikaelewa pia kwa nini ushauri wa majirani, "mpeni samaki na supu", haukuwa umesaidia kitu.

Akampima. Alimwambia mama asimame, miguu ishikane, afumbe macho. Mama akafumba, na papo hapo akaanza kuyumba kama anayesukumwa. Mimi na daktari tukamdaka pamoja. Alikuwa amesimama vizuri macho yakiwa wazi, kumbe macho ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia, miguu ilikuwa haileti tena taarifa.

Kisha akampima kumbukumbu, na hapo nilifurahi kuona hakumpa kalamu wala karatasi. Mama hakumaliza darasa la nne. Vipimo vingi vilivyotungwa Ulaya na Marekani vinamtaka mtu aandike sentensi, achore saa, atoe saba kutoka mia mara kadhaa. Mtu ambaye hakusoma anafeli hata akili yake ikiwa timamu. Kuna kipimo kifupi kilichoandaliwa na watafiti waliofanya kazi kulekule Hai, kwa ajili ya watu wasiosoma. Daktari alimuuliza leo ni siku gani. Mwenyekiti wa mtaa wenu ni nani? Daraja ni nini? Akapanga njiti za kiberiti mezani, mama aige mpangilio ule. Akamtajia maneno kumi ayashike, ayarudie baadaye. Akamwambia ataje wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja.

Mama akaanza na mbuzi, ng'ombe, kuku, akakwama. Kimya. Halafu akasema, "Migebuka. Kuhe. Dagaa. Sangara." Daktari akaandika zote, akasema samaki naye ni mnyama, endelea mama. Njiti alizipanga vizuri. Mwenyekiti alimjua, na akaongeza maoni yake juu ya mwenyekiti huyo. Kwenye maneno kumi ndipo palipouma: yalirudi mawili tu.

Picha ya damu ilionyesha chembe nyekundu zikiwa kubwa kuliko kawaida, na hiyo ni alama mojawapo ya upungufu wa B12. Kipimo cha vitamini yenyewe hakikuwepo pale, sampuli ikasafirishwa, tukasubiri. Majibu yalirudi yakiwa chini sana. Hapa niseme jambo moja kwa wanaonunua vidonge vya kuongeza damu kila wanapoona mzazi amechoka: asidi ya foliki, inayowekwa kwenye vingi vya vidonge hivyo, ikiwa peke yake inaweza kuirekebisha damu ikapendeza kwenye kipimo, huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu mishipa ya fahamu chinichini. Vile vidonge vya zahanati tulivyoanza navyo vingeweza kutuficha ukweli.

Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba upungufu wa B12 ni athari ya kawaida kwa watumiaji wa metformini, na kwamba mwenye dalili apimwe. Huo ni ushauri ambao haudai mashine kubwa. Unadai mtu aulize.

Mama alianza sindano, za karibukaribu mwanzoni. Amitriptilini ilipunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi, vidonge vya mafua vikaachwa, za asidi zikasimamishwa kwa sababu hakukuwa na haja nazo tena. Ulimi ulipona kwanza. Kisha mdomo ukarudi kuwa na mate. Usiku mmoja akalala mpaka alfajiri bila kuamka kusugua miguu. Kumbukumbu ilirudi kwa vipande, na haikurudi yote.

Lakini kabla ya kufika hapo, daktari alikuwa ametafuta na mambo mengine, na ningependa uyajue kwa sababu huenda la mama yako ni mojawapo.

Alituuliza kama aliwahi kuanguka na kugonga kichwa. Nikamsimulia habari ya mtu mmoja wa Simbo, mkwezi wa michikichi, aliyeteleza akiwa karibu kufika chini. Alijigonga, akanyanyuka, akacheka, akaenda zake. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuwa mzito: maneno yanachelewa, mguu mmoja unaburuta, anasahau, analala mchana kutwa. Nyumbani wakaanza kumtafuta mchawi, na pesa ya kuku na mbuzi ikaisha huko. Picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, ilipopigwa ikaonyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo. Akatobolewa tundu kwenye fuvu, damu ikatolewa, na mtu yule akarudi kuzungumza na wanawe. Kwa wazee hili linatokea hata kwa kujigonga kidogo tu kwenye mlango, kwa sababu ubongo umesinyaa na vijishipa vya damu vimevutika, na walevi na watumiaji wa dawa za kuzuia damu kuganda wako hatarini zaidi. Mzee akibadilika ndani ya wiki chache, kumbukeni nyuma: aliteleza bafuni? Bodaboda ilimwangusha?

Aliomba pia kipimo cha kaswende na cha virusi vya ukimwi. Hapo palikuwa pagumu. Unamwambiaje mama yako mjane, mwenye wajukuu, kwamba tunampima kaswende? Nilitaka kumnong'oneza daktari aruke hicho. Yeye akamwambia mama moja kwa moja, kwa heshima: "Mama, wadudu wa kaswende wanaweza kukaa mwilini miaka mingi sana bila dalili kisha wakapanda kichwani. Sindano za penisilini zinawaua. Ninampima kila mtu mwenye tatizo hili, hata mama yangu ningempima." Mama akatazama pembeni kidogo, akanyoosha mkono. Majibu yalikuwa safi. Lakini fikiria ni wazee wangapi hawapimwi kwa sababu tu watoto wao, au waganga wao, wanaona haya.

Akagusa shingo yake akitafuta rovu, akaandika kipimo cha tezi ya thairoidi. Tezi hiyo ikilegea, mtu anakuwa mzito, anahisi baridi, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, na akili inakwenda taratibu. Kidonge cha kila siku kinamrudisha.

Kuna moja ambalo daktari wa Dar huenda asilifikirie haraka, ila wa Kigoma na Tabora analazimika kulifikiria: malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mbung'o bado wako katika mapori yetu, na aina ya malale ya Afrika Mashariki haikawii, inafika kwenye ubongo ndani ya wiki au miezi. Homa, kichwa kuuma, kisha usingizi unapinduka, mtu analala mchana na kukesha usiku, anaropoka, anasahau. Wazee wa Buha bado wanasimulia jinsi serikali ya Waingereza ilivyohamisha watu kwenye makazi ya pamoja kwa ajili ya ugonjwa huo. Kama mgonjwa wako ni mrina asali, mwindaji, mfugaji au mtu wa mashamba ya tumbaku yaliyo ndani ya miyombo, mtajieni daktari mapema kwamba ametoka porini. Vimelea vinaonekana kwa hadubini, na bila tiba ugonjwa huo unaua.

Na kuna kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako hakupaswi kusubiri kliniki ya Jumatano. Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo hajui yuko wapi, anaona watu wasiokuwepo, anasinzia katikati ya sentensi. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Inaweza kuwa malaria, na mikoa yetu miwili inaijua malaria vizuri. Inaweza kuwa uambukizi kwenye mkojo au nimonia, ambavyo kwa mzee vinaweza kuja bila homa kubwa. Inaweza kuwa sukari imeshuka, hasa kwa anayemeza glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, na kula kidogo. Watu wetu wa Ujiji wanaofunga Ramadhani wakiwa na kisukari wazungumze na daktari kabla mwezi haujaandama. Inaweza kuwa kiharusi.

Sonona nayo inasahaulisha. Mama alifiwa na baba kabla ya haya yote, na daktari alikaa na hilo muda mrefu kuliko nilivyotarajia: anakula? analia? bado anaona raha ya kitu chochote? Mtu mwenye huzuni nzito hashiki mambo kwa sababu akili haiko pale yanaposemwa. Anatibika. Kuhusu pombe niseme kwa kifupi: gongo ya miaka mingi na chakula kidogo vinaumaliza mwili vitamini B1, na hapo kumbukumbu inaweza kukatika moja kwa moja isirudi.

Sasa nirudi kwa mama mdogo na watu wa sokoni. Sitaki kumcheka, alikuwa anamlilia dada yake. Lakini mawazo haya yanaua watu. Mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa, Tabora ikiwemo, ina historia ya vikongwe kukatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi "ushahidi" umekuwa macho mekundu, ambayo ni moshi wa kuni wa miaka hamsini. Weka juu ya macho hayo bibi ambaye ubongo wake umeanza kupotea. Anatoka usiku akitafuta nyumba aliyozaliwa. Anakutwa amesimama uani kwa jirani, hajavaa vizuri, anaongea na marehemu mumewe. Mgonjwa huyo alihitaji shuka na mtu wa kumshika mkono, na kuna mahali alipokelewa na panga. Kila ninapofikiria kwamba mama angeweza kuwa ametokea mtaa mwingine, mwaka mwingine, moyo unanienda mbio. Viongozi wa dini na wenyeviti wa vitongoji wanaosoma hapa, tafadhalini, lisemeni hili hadharani, tena kwa jina lake: ni ugonjwa.

Kwa anayejiandaa kumpeleka mzazi, haya ndiyo yaliyotusaidia. Beba dawa zote zenyewe, kama alivyotudai daktari yule. Kaa na watu wa nyumbani kabla ya siku hiyo muandike nini kilianza: kusahau au kuyumba? huzuni au kuropoka? Msihangaike na tarehe; andikeni kwa matukio. Kabla ya mfungo, baada ya msiba wa fulani, mvua za kwanza. Sisi tuligundua kwamba miguu ilitangulia kichwa kwa muda mrefu, na jambo hilo moja lilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu mengine yote. Aende mtu anayeishi na mgonjwa, siyo yule mwenye pesa anayepiga simu kutoka mbali. Na mwacheni mzee ajibu mwenyewe kwanza. Nimeona watoto wakimjibia mama yao mbele ya daktari mpaka mama akainama.

Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Ulizia. Usione aibu kusema huna uwezo wa kulipia kipimo, na uliza kipi kianze kama pesa haitoshi vyote. Daktari wetu alianza na vya bei nafuu: picha ya damu, sukari, figo, malaria, kaswende, VVU. CT aliiacha mwisho kwa sababu dalili hazikuielekea kwanza. Angetuanzishia na CT, tungemaliza akiba yote na mfuko wa dawa ungebaki umefungwa nyumbani. Pesa ambayo ungempa muuzaji wa "virutubisho vya kumbukumbu" anayejitangaza kwenye simu, itoshe nauli na vipimo hivyo.

Mama leo anauza mawese kidogo, kwa wateja wa karibu. Bado hurudia hadithi. Bado kuna asubuhi ananiuliza kama baba amekunywa chai, nami nimejifunza kukaa karibu yake kwanza kabla ya kumjibu. Daktari alituambia wazi kwamba miaka ya presha isiyotulia inaweza kuwa imeziba vijishipa vidogo vya ubongo, na kwamba mishipa ya fahamu iliyokaa bila B12 muda mrefu huenda isipone yote. Kwa hiyo presha yake sasa inapimwa na kuandikwa kila wiki, chumvi imepungua, na dagaa wa chumvi wanalowekwa kwanza.

Masikio ndiyo yanayofuata. Jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet liliorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kuzuilika au kutibiwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takribani asilimia 45 ya magonjwa ya kusahau duniani. Kutosikia vizuri ni mojawapo, sawa na presha, kisukari, kuumia kichwa, kutoona vizuri na upweke. Mama amekuwa akiongeza sauti ya redio, na ninashuku kwamba baadhi ya mambo tunayodhani ameyasahau hakuyasikia tangu mwanzo. Kliniki ijayo nitauliza apimwe masikio, na nitauliza kama wakati wa ile picha ya CT umefika. Nikipata majibu nitayaandika.